Viti vya ngozi vya gari: safisha kwanza, habari ya mafuta baadaye

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nimenunua gari lililotumika, lina viti vya ngozi vya rangi ya krimu. Sehemu za kukalia zinameremeta, na kiti cha dereva kimeanza kutoa nyufa ndogondogo upande wa mlangoni. Kuna pia ubuluu ambao nadhani umetokana na jinzi. Kijana anayeniosha gari hupaka dawa ya kung'arisha kila wiki. Shemeji yangu naye ananiambia nipake mafuta ya zeituni ili ngozi iyanywe, ilainike, na nyufa zijifunge. Naomba unielekeze: nipake nini, na mara ngapi?"

Jibu: Kazi ni nzuri, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo: kwa sasa usipake chochote. Usipake mafuta ya zeituni, na mwambie kijana apumzishe hiyo dawa yake. Viti vyako havina upungufu wa mafuta, vina uchafu. Huo mng'ao unaouona, kwa sehemu kubwa, ni jasho na mafuta ya miili ya watu waliovikalia, vikachanganyika na vumbi na dawa ya kila wiki, kisha nguo zikavisugua mpaka vikawa utando mmoja. Ngozi ya gari ikitoka kiwandani kwa kawaida haimeremeti. Ukiona inameremeta, ama kuna kitu kimeganda juu yake, ama sehemu ya juu imeshasuguliwa ikalainika kupita kiasi. Kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kunakuja baada ya kusafisha, si kabla.

Ili uelewe kwa nini nimeyakataa mafuta moja kwa moja, inabidi ujue unachokikalia. Viti vingi vya ngozi vya magari ya leo ni ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, au kwa kemikali nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo. Mafuta ya kuilainisha huwekwa kiwandani: ngozi ikiwa bado imelowa, hutiwa katika pipa kubwa linalozunguka pamoja na mafuta yaliyochanganywa na maji, mpaka yaingie katikati ya nyuzi zake. Ikishakaushwa hupakwa rangi, na juu ya rangi hupakwa tabaka la mwisho la poliurethani, ambayo ni plastiki. Ngozi yenyewe ina unene wa milimita moja na ushei. Rangi na plastiki, vyote kwa pamoja, ni sehemu chache tu za mia za milimita. Kwa hiyo unapopapasa kiti chako, kidole hakiigusi ngozi hata kidogo, kinagusa hiyo plastiki nyembamba. Kazi yako yote kama mwenye gari ni kuilinda plastiki hiyo. Ikishaisha, hapo ndipo ngozi inapoanza kuharibika kweli.

Shemeji yako hajakosea moja kwa moja, ila ushauri wake ni wa ngozi nyingine. Matandiko ya farasi, mikanda na mabegi mengi ya zamani yalitengenezwa kwa ngozi iliyoivishwa kwa magome ya miti, isiyo na plastiki juu. Ngozi ya namna hiyo ikilowa na kukauka mara nyingi inakakamaa, na ukiipaka mafuta inayanywa na kulainika mbele ya macho yako. Watu waliyaona hayo kwa vizazi, wakayahamishia kwenye magari. Kwenye kiti chako mafuta hayana pa kuingilia. Yatakaa juu, yatanasa vumbi, yatachafua nguo, na yakikaa kwenye joto la gari lililofungwa yatageuka na kuanza kunuka. Kiasi kidogo kitapenya kwenye nyufa na mishono, na hasara kubwa iko hapo: siku utakayotaka kuzirekebisha hizo nyufa kwa rangi, rangi itakataa kushika mahali palipoingia mafuta. Ninayosema juu ya zeituni yanahusu pia nazi, Vaseline, losheni ya mwilini na maziwa. Rangi ya viatu ndiyo mbaya zaidi, maana hiyo utaondoka nayo kwenye suruali.

Dawa ya kijana wako huenda ni ile ya dashibodi na matairi, yenye silikoni. Inapendeza kwa siku mbili. Kiti kinakuwa na utelezi, ukipiga breki unasogea mbele, na vumbi linapata mahali pa kung'ang'ania. Kosa si la kijana. Wateja wengi wakipewa gari ambalo viti havimeremeti wanadhani halijaoshwa, basi naye anawapa wanachotaka kukiona.

Sasa, kabla hujanunua kitu chochote, hakikisha viti vyako kweli ni vya ngozi. Magari mengi yanayouzwa kwa sifa hiyo yana ngozi mahali pa kukalia na kuegemea tu. Ubavuni, nyuma ya kiti na sehemu za chini ni vinaili, yaani plastiki iliyofanywa ifanane na ngozi. Mengine hayana ngozi popote: SofTex ya Toyota, NuLuxe ya Lexus, Artico ya Mercedes-Benz na Sensatec ya BMW zote ni ngozi bandia. Si vitu vibaya, na baadhi yake vinavumilia kuliko ngozi halisi, lakini kuvipaka kondishena, yaani losheni ya kutunzia ngozi, ni kupoteza hela. Vinasafishwa, basi. Kitabu cha gari mara nyingi kinasema ni nini. Usipokuwa nacho, inama uangalie chini ya kiti, mahali ambapo ukingo umekunjwa na kubanwa kwenye fremu. Ngozi halisi upande wa ndani ina manyoya mafupi ya nyuzi zilizosokotana ovyo, kama kitambaa cha swedi. Ya bandia inaonyesha kitambaa kilichofumwa, nyuzi zake zimejipanga.

Ukishajua ni ngozi, weka tone moja la maji mahali pasipoonekana, mbali na nyufa. Likibaki limejikusanya juu kwa dakika moja mbili, ngozi yako ina lile tabaka la plastiki, na yote nitakayokuambia yanakuhusu. Likinywewa na mahali pale pakawa peusi zaidi, una ngozi ya anilini, yaani iliyotiwa rangi bila kufunikwa, au iliyofunikwa kidogo sana. Hiyo huwekwa kwenye baadhi ya magari ya bei kubwa, ni laini sana mkononi, na haitaki maji mengi wala brashi. Itafutie dawa iliyoandikwa kuwa ni ya anilini, na doa likiingia mpelekee fundi. Krimu yako, kama rangi yake ni moja kiti kizima bila sehemu zilizokolea na nyingine kupauka, karibu nina hakika imefunikwa. Na ukikuta sehemu fulani za kiti zina manyoya laini kama swedi, huenda ni Alcantara, ambayo si ngozi kabisa. Ni poliesta na poliurethani, ilibuniwa Japani mwaka 1970. Hiyo isafishe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na brashi laini tu, usiipake losheni ya aina yoyote.

Vifaa vya kazi si vingi. Mashine ya kufyonza vumbi yenye kichwa cha brashi. Brashi laini ya nywele za farasi, au ya nyuzi laini za kutengenezwa. Ukiipitisha shavuni na ikakukwaruza, haifai. Vitambaa vya mikrofaiba vitano sita, vyeupe ili uuone uchafu, na kimoja cheusi, nitakwambia ni cha nini. Maji safi ya uvuguvugu. Kisha sabuni ya ngozi, na hapa usiokote chochote kilichoandikwa "safi". Ngozi ina asili ya tindikali, pH yake (kipimo cha tindikali, ambacho 7 ndiyo katikati) huwa kati ya 3.5 na 5 hivi, na sabuni ya kufulia, magadi soda na dawa zenye amonia ziko upande wa pili kabisa wa kipimo. Kuzitumia mara moja hakutaua kiti, lakini zikipita kwenye mishono na nyufa mara kwa mara zinaikausha ngozi na kudhoofisha rangi. Tafuta ya pH iliyo karibu na 7 au chini kidogo. Ukikosa kabisa, matone machache ya shampuu ya watoto kwenye bakuli la maji yanakutosha kwa kiti ambacho hakijachafuka sana.

Weka gari kivulini, milango wazi, hita za viti zimezimwa. Usifanye kazi hii juani, sabuni itakukaukia kabla hujaifuta. Sogeza kiti mbele kabisa ufyonze nyuma yake, kisha kirudishe nyuma ufyonze mbele. Halafu rudi kwenye mishono. Itanue kwa vidole viwili, uingize ncha ya brashi na kufagia huku mashine ikifyonza pembeni. Humo ndani kuna mchanga, makombo, na wakati mwingine sarafu. Mchanga huo kila mtu anapokaa unasagana na uzi wa mshono, na ndiyo maana viti vingine hufumuka wakati ngozi bado nzima. Maliza kufyonza kila mahali kabla ya kugusa maji, la sivyo vumbi linakuwa tope na tope linashuka palepale ulipotaka kupasafisha.

Kusafisha kwenyewe kunaenda kipande kwa kipande. Chukua eneo la viganja viwili, si zaidi. Dawa inyunyize kwenye brashi, usiinyunyize kwenye kiti. Zungusha brashi polepole bila kukandamiza, uache ncha za nyuzi ndizo zifanye kazi. Baada ya nusu dakika hivi povu jeupe linageuka kahawia. Lifute hapohapo kwa kitambaa kikavu kwa kuliinua, yaani kitambaa kinakusanya na kuondoka, hakisambazi. Povu lililoachwa likauke linaurudisha uchafu pale ulipotoka. Fuata na kitambaa kilicholoweshwa kwenye maji safi na kukamuliwa sana, kisha kikavu kingine. Ndipo uhamie kipande kinachofuata.

Usihukumu kwa macho ya kawaida. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na kiti ili mwanga upite juu ya ngozi kwa pembeni. Mahali pasipo safi utaona vijimfereji vya ngozi vimejaa, uso umekuwa bapa na una mng'ao wa mafuta. Mahali palipotakata vijimfereji vinarudi, kila kimoja na kivuli chake, na mwanga hautelezi tena. Kiti ambacho hakijawahi kusafishwa vizuri kinahitaji mizunguko miwili, mitatu, hata minne. Afadhali mizunguko minne ya mkono mwepesi kuliko mmoja wa kukomaa nao, kwa sababu huo mmoja ndio unaoondoka na rangi.

Na hapo ndipo kitambaa cheusi kinapoingia. Kwenye kiti cheusi, kitambaa cheupe kikianza kuwa cheusi tititi unajua umeanza kuondoa rangi yenyewe. Kwenye krimu huwezi kuona, krimu juu ya nyeupe inapotea. Kwa hiyo kila baada ya mizunguko kadhaa, hasa karibu na zile nyufa, futa mara moja kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na uweupe, simama hapo. Uchafu una rangi ya kijivu au kahawia. Uweupe ni rangi ya kiti, na ikitoka kwa mguso mwepesi hivyo maana yake tabaka la juu limeshakwisha mahali hapo, na sabuni haitakusaidia tena.

Ubuluu wa jinzi nao tuuzungumzie, maana kwenye viti vyeupe na krimu hauepukiki. Rangi ya jinzi mpya huachia kwa urahisi, na ikikutana na joto, jasho na msuguano inahamia kwenye kiti. Mwanzoni inakaa juu juu, ndani ya ule utando wa mafuta, na ndiyo maana mara nyingi nusu yake au zaidi huondoka kwa usafi wa kawaida niliokueleza. Inayobaki itafutie dawa maalumu ya kuondoa rangi iliyohamia kwenye ngozi, ijaribu kwanza mahali palipojificha, na uiondoe kabisa kwa maji baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiona doa limepungua halafu likagoma, rangi imeshapenya hadi chini ya tabaka la juu. Usipigane nalo. Watu wengi kwa hasira hapa ndipo wanapochukua spiriti, asetoni, au lile sponji jeupe la kufutia madoa ukutani. Sponji hilo linafanya kazi kwa kukwangua, ni msasa mwororo tu, na litaondoa ubuluu pamoja na tabaka la juu la kiti. Utafurahi wiki moja. Wiki inayofuata jinzi ileile itapenya zaidi kwa sababu hakuna tena cha kuizuia.

Doa la wino wa kalamu nalo lina tabia hiyohiyo, ila lina haraka zaidi: likiwa bichi linaweza kuinuliwa kwa kitambaa chenye unyevu bila kusugua, likishakaa siku kadhaa ni kazi ya fundi.

Sasa tuje kwenye swali lako la nipake nini. Kondishena ya kisasa ya ngozi ya gari ni losheni nyepesi ya maji yenye mafuta kidogo na nta au kitu kingine cha kukinga. Kwenye kiti kilichofunikwa kwa plastiki, kiasi kinachofika kwenye nyuzi za ngozi ni kidogo mno, labda kupitia matundu na mishono. Anayekuambia inailisha ngozi anauza chupa. Hata hivyo si kazi bure. Inaacha utando mwembamba mkavu unaopunguza msuguano wa nguo, unaofanya jasho na rangi ya jinzi vishike huo kwanza kabla ya kugusa plastiki, na baadhi yake zina kinga dhidi ya miale ya jua. Kwa hiyo kwenye rafu, kati ya chupa inayojisifu kwa kulainisha na ile inayojisifu kwa kukinga, mimi kwa kiti cha krimu ningechukua ya kukinga bila kusita. Iwe ya kukauka bila kuacha mng'ao wala utelezi.

Kupaka kwenyewe ni rahisi, kosa la kawaida ni kuzidisha. Acha kiti kikauke saa moja au mbili baada ya kusafisha. Weka kiasi kidogo kwenye sponji au kitambaa, kisambaze kwa wembamba mpaka kisionekane, subiri dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Pitisha kiganja: ukihisi utelezi au unata, umezidisha, futa tena. Kiti kipumzike saa kadhaa kabla ya kukaliwa. Usukani usafishe kwa njia ileile, tena mara nyingi kuliko viti kwa sababu mikono ndiyo inayochafua, lakini usiupake kitu chochote cha utelezi. Na pedali zisiguswe kabisa.

Kama viti vyako vina matundu madogomadogo, yawe ya kupitisha hewa au ya mapambo, mambo mawili yabadilike. Kwanza, usinyunyize wala kumimina kitu chochote juu yake. Chini ya matundu kuna sponji, na mara nyingi kuna feni au nyaya za hita, na kwenye kiti cha abiria wa mbele kuna kihisi kinachoiambia gari kama mtu amekaa. Maji yakiingia humo, unaweza kuletewa taa ya onyo kwenye dashibodi ambayo hakuna sabuni itakayoizima. Pili, losheni nzito huziba matundu na kukauka humo kama vidoti vyeupe. Tumia iliyo nyepesi, ipakwe kwa kitambaa, na vidoti vikitokea vitoe kwa brashi kavu.

Mara ngapi? Kila wiki fyonza vumbi na upitishe kitambaa chenye unyevu, hasa kwenye kiti cha dereva. Hiyo kazi ya dakika tano inaokoa kiti kuliko losheni yoyote. Usafi kamili wa brashi na povu: kiti cha dereva kila baada ya miezi miwili au mitatu, vingine mara mbili kwa mwaka vinatosha kama havikaliwi sana na watoto. Kinga au kondishena ipakwe baada ya usafi kamili tu, wala si lazima kila mara. Mara mbili hadi nne kwa mwaka, basi. Kuipaka kila wiki juu ya uchafu ni kuufungia uchafu ndani, na ndicho kilichokuwa kikifanyika kwenye gari lako.

Kuna maadui wengine wadogo ambao watu hawawafikirii. Sanitaiza ya mikono ina spiriti nyingi. Ukijipaka na kushika usukani au ukingo wa kiti mikono ikiwa bado mibichi, taratibu inalegeza tabaka la juu. Losheni ya kujikinga na jua nayo inaacha madoa yasiyotaka kutoka, hasa kwenye rangi nyepesi, kwa hiyo ifute mara unapoiona. Jinzi mpya ifue mara kadhaa kabla ya kukaa nayo kwenye krimu. Funguo kwenye mfuko wa nyuma, vifungo vya chuma vya suruali, kucha za mbwa, hivi ndivyo vinavyotoboa plastiki. Jua la mchana linapausha rangi na kukausha kila kitu, basi egesha kivulini ukipata, ama weka kizuizi cha jua kwenye kioo cha mbele.

Nimeziacha nyufa mpaka mwisho kwa sababu ndizo zinazokuumiza, na ndizo ambazo hakuna cha kupaka kitakachoziponya. Ufa haujifungi. Angalia mahali ulipo: upande wa mlangoni, kwenye ule ukingo ulioinuka. Kila unapopanda na kushuka, uzito wako wote unateleza juu yake. Ukiwa na vumbi lililonaswa kwenye utando wa mafuta, kila kupanda ni kusugua, na tabaka la juu linakatika kidogo kidogo pale linapokunjwa. Ndiyo maana kiti cha abiria cha gari hilohilo, chenye umri uleule na joto lilelile, mara nyingi kina uso mzima. Ingekuwa ni ukavu wa ngozi, vingepasuka vyote. Ukipenda kupunguza kasi, jizoeze kuketi kwanza katikati ya kiti kisha uingize miguu, badala ya kujiburuza juu ya ukingo.

Ukishasafisha, tanua ufa mmoja taratibu kwa vidole viwili chini ya ile tochi. Kama chini yake unaona uso laini wa ngozi na ufa hauna kina, ni rangi na plastiki tu zilizokatika. Hiyo inarekebishika vizuri: mahali pale panaondolewa mafuta na silikoni yote, panasuguliwa kidogo kwa msasa mwembamba sana, panajazwa kama kuna vishimo, panapakwa rangi ya maji ya ngozi iliyolinganishwa na krimu yako, kisha tabaka jipya la juu. Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya mwenyewe kwa vifaa vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Kulinganisha krimu ndiko kugumu, kwa sababu kila mtengenezaji ana krimu yake na miaka imeibadilisha ya kwako. Lakini kama unaona nyuzi zenye manyoya zimechanika, ngozi yenyewe imekatika. Kujaza na kupaka rangi hapo kutakupa miezi michache tu. Kinachotakiwa ni kukata kipande hicho na kushona kingine.

Hapo uwe mwangalifu na mtu mmoja: fundi anayeshona kila kitu kwa uzi uleule. Magari mengi yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti cha mbele, kwa kawaida upande huohuo wa mlangoni. Tafuta kilebo kidogo kilichoandikwa "AIRBAG" kwenye mshono. Mshono huo umetengenezwa uachie kwa urahisi mfuko unapofumuka wakati wa ajali. Ukishonwa upya kwa uzi mgumu, au ukifunikwa kwa kava la kiti lisilo na nafasi yake, mfuko unaweza kushindwa kutoka au kutoka kwa upande usiotakiwa. Kwa hiyo safisha kwanza, piga picha ya nyufa kwa karibu mwanga ukitoka pembeni, uende nayo kwa fundi wa viti. Kabla ya kuuliza bei, muulize kama amewahi kufungua kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni na anatumia uzi gani kuushona mshono wake. Akikuambia uzi wowote unafaa, chukua picha zako uende kwa mwingine.